Kibuyu cha Chepchumba

Mkinikuta nimemnyima Kiprugut kiti dukani mwangu, msishangae, wala msinivute pembeni kuniambia niwe mpole. Hapa Kiamunyi kila mtu anajua kwamba kwa Adero mteja hukaribishwa kiti na maji ya kunywa, hata kama amekuja kupunguziwa suruali tu. Kiprugut atasimama. Nimesema hivyo mbele ya mchungaji na nasema tena. Mtu aliyemfanyia mtoto wa dada yake yale aliyoyafanya anaweza kusimama. Miguu si anayo, na si ndiyo anayojivunia siku zote?

Mtoto mwenyewe ni Chepchumba. Alikuja hapa na mama yake akiwa bado darasa la tatu, kutoka Kuresoi kwenye viazi na ukungu. Mama alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja mjini Nakuru, wakapanga nyumba karibu na duka langu. Mimi babu yangu aliletwa Nakuru na reli akasahau kurudi, kwa hivyo najua maana ya kufika mahali bila mtu. Nikawachukua wakawa wangu.

Shule zikifungwa, mama hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, akawa anakwenda naye kazini. Msichana anaketi nyuma ya hoteli kwenye kamba za kuanikia, na kutoka pale bwawa la wageni linaonekana vizuri. Kulikuwa na kijana anaitwa Levis, mlinzi wa bwawa, kazi yake kuangalia watoto wa wageni wasizame. Huyo ndiye aliyeona macho mawili yakichungulia kati ya mashuka kila siku. Akamwomba meneja, na meneja, Mungu ambariki, akasema sawa, mradi awe ametoka majini kabla wageni hawajaamka.

Nyinyi ambao hamjawahi kutia mguu katika maji ya Nakuru asubuhi mwezi wa saba, nyamazeni kwanza. Mtoto alikuwa akitoka humo midomo imekuwa rangi ya zambarau, na kesho yake anarudi. Alianza na kuogelea kwa mgongo kwa sababu dawa ya maji ilimchoma macho na miwani hakuwa nayo. Miwani ilipopatikana, alikuwa ameshapenda kulala chali vile, anasema akiwa hivyo anaona ndege wanaoelekea ziwani na hamwoni mtu anayemtazama.

Vazi lake la kwanza la kuogelea nililishona mimi, kutoka kwa suruali za kubana za mitumba. Siku ya kwanza lilijaa maji likashuka hadi magotini, tukacheka mpaka mama yake akakaa chini. La pili likakaa sawa. Alilivaa mpaka mashindano ya kaunti, na wasichana wa shule za pesa walimtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akawaacha nyuma wakitazama miguu yake.

Sasa huyu Kiprugut. Ni kaka yake mama, ana duka la agroveti, la mbegu na dawa za mifugo, kule Kuresoi, na baba wa mtoto hayupo, kwa hivyo mjomba akawa ndiye mwenye neno. Alikimbia zamani. Alikwenda ile Michezo mikubwa ya mataifa, ile ya kila baada ya miaka minne, na koti la timu analo mpaka leo, lenye bendera kifuani, analivaa harusini, matangani, hata kwenye mkutano wa mbolea. Ukiketi naye hutainuka kabla hujasikia habari za ndege, za vyakula vya kule, za kitanda kilichokuwa kifupi miguu ikabaki nje. Tumesikia yote hayo. Alikuwa wa ngapi, hakuna aliyewahi kuuliza. Mtu mwenye koti kama lile unaona aibu kumuuliza.

Habari za kuogelea hakutaka hata kuzisikia. Alisema damu yao ni ya mbio, maji ni ya kunywa na ya kunyweshea ng'ombe. Likizo moja alimchukua Chepchumba akamkimbiza vilimani na wasichana wa huko, mtoto akawa wa nyuma kabisa, naye akamrudisha huku akaniambia mimi machoni kwamba mji umemharibu. Levis alimnyooshea mkono wa salamu. Kiprugut akautazama kama hajauona.

Halafu Chepchumba akapata muda uliotakiwa, kule Nairobi, akachaguliwa kwenda Michezo. Ala! Mngemwona mjomba. Simu asubuhi, simu mchana. Akawa ni mtoto wetu, damu yetu, kifua kile ni cha ukoo wetu. Akaunda kamati ya mapokezi na mwenyekiti akawa nani? Yeye. Mimi nikaagizwa kushona nguo za sare za kina mama watakaoimba.

Na akaagiza kibuyu. Watu wa huko, mtoto akirudi kutoka Michezo, kabla hajasalimiwa na yeyote, mama au nyanya humwekea mdomoni kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Mmeona kwa televisheni, mkimbiaji anashuka ndege na mdomo mweupe. Basi Kiprugut akaenda kwa mama yake mzazi, bibi mzee wanayemwita Kogo, yaani nyanya, akamwambia aanze kutayarisha. Kogo akatoa kibuyu chake kikuu cha shanga, akakisugua, akajaza maziwa, akakifunga. Alimlea Chepchumba mgongoni mwake, huyo. Alikuwa akikitupia macho kibuyu kile kila alfajiri.

Siku ya kuogelea tulikuwa dukani kwangu. Asubuhi ile televisheni zetu zote zilikuwa zikirudia mbio za jana, hakuna hata moja iliyotaka kuonyesha maji, kwa hivyo tulitazama kwa simu ya Levis iliyoegemezwa kwenye cherehani. Kiprugut alikuwepo, amekuja kukagua sare. Picha inakwama, inatembea, inakwama. Halafu tukamwona mtoto wetu, kofia nyekundu, ameshika ukuta, amejikunja. Wakaachiliwa.

Sitawadanganya kwamba naelewa kuogelea. Lakini mkono ukipita mkono naona. Chepchumba aligeuka akiwa wa tatu, akarudi akimpita huyu, akampita yule, na akagusa ukuta kabla ya wote. Wa kwanza! Nilipiga vigelegele mpaka watu wa buchari wakaja na visu mkononi wakidhani nimeibiwa. Levis alikuwa akilia bila sauti. Alisema mtoto hajawahi kuogelea haraka vile, hata mara moja.

Kiprugut alikuwa ameshatoa simu yake. Akapiga redio, ile ya lugha yao inayosikika bonde lote, akatangaza kwamba binti wa dada yake ameshinda hiti, ule mchujo wa kundi lake, na ameingia nusu fainali, watu wajitokeze jioni pale agroveti waone kwa televisheni kubwa. Levis akamshika mkono wa koti.

"Mzee, kwa maji haiendi hivyo," akasema. "Wanaangalia muda wa watu wote, sio nani amekuwa wa kwanza kwa hiti."

"Wewe nyamaza," Kiprugut akamjibu. "Mimi nimekimbia Games. Ukishinda hiti yako, umepita."

Kwa haki ya Mungu, hata mimi nilijua hivyo. Katika mbio mtoto wa nasari Kuresoi anajua kwamba wa kwanza anapita. Levis akajaribu tena, akaeleza kwamba wale wasio na muda mzuri huwekwa pamoja katika mchujo wa mwanzo, na wenye kasi huja baadaye, kisha muda wa wote unapangwa na wachache wa juu ndio wanaoendelea. Alimweleza nani? Tulikuwa tukikumbatiana. Mama Chepchumba alikuwa amepokea sauti ya mtoto kwa simu, akituchezea tena na tena: "Mama, nimekuwa wa kwanza kwa hiti yangu. Sijawahi kuogelea hivyo. Niko na furaha hadi natetemeka."

Jioni Kuresoi nzima ikahamia agroveti. Mbuzi alichinjwa. Kwenye televisheni wakafika wanane wa nusu fainali ya kwanza, jina la Chepchumba halipo. Wakafika wanane wa pili, halipo. Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akasimama kwenye kreti ya soda akasema tumeibiwa. Kwamba wazungu wameona Mkenya sasa anawashinda hata kwa maji wakamkata. Akapiga redio tena, akalia hewani, akataka serikali ichukue hatua.

Kesho yake redio ikamleta mtu wa kuogelea kutoka Nairobi, na yule bwana, kwa adabu kabisa, akaeleza neno kwa neno yale ambayo Levis alikuwa ameeleza dukani kwangu. Akasema hakuna aliyeibiwa. Akasema pia msichana amefanya vizuri sana na anastahili pongezi, lakini hiyo sehemu hakuna aliyeisikia, kwa maana bonde zima lilikuwa limeshaanza kumcheka Kiprugut. Walimcheka sokoni, walimcheka kanisani, kuna waliomtumia vibonzo vya samaki.

Sasa mtu mzima akikosea hufanya nini? Husema, nilikosea, jamani, mnisamehe, na watu wanacheka siku mbili wanachoka. Huyu hakuweza. Alizunguka akisema Chepchumba alimdanganya. Ati sauti si hiyo hapa, ati mtoto amesema mwenyewe ni wa kwanza, kumbe mbele yake kulikuwa na umati. Akamwita mwongo, tena kwa ile ile redio. Mtoto wa dada yake! Akavunja mapokezi, na kwa simu akamwambia msichana aliye peke yake ng'ambo, baina ya watu asiowajua, kwamba ameaibisha ukoo na asitarajie mtu akifika.

Wala hakuishia hapo. Kuna kijana wa ng'ambo ya mto, Kemboi, alikuwa amepata shaba kwa mbio. Kiprugut akaichukua kamati nzima, hema, viti, nyimbo, akamhamishia Kemboi. Akaja kwangu kuniambia sare ziendelee, ni jina tu kwenye bango la kubadilisha. Nikamuuliza, na kibuyu je? Akasema kibuyu kitatumika. Mama yake Kemboi anacho chake, lakini kile cha shanga kitoke kwanza, ili picha zionyeshe maziwa yametoka kwa nyumba ya mwenyekiti.

"Kibuyu cha Chepchumba?" nikamuuliza.

"Fundi, maziwa ni ya mwenye medali," akanijibu. "Hiyo ndiyo desturi yetu. Wewe huwezi kujua."

Nilimfukuza, sifichi. Nilimwambia desturi yao siijui lakini roho mbaya naijua ikipiga hodi. Siku hiyo ndipo kiti kilipoondoka.

Chepchumba akarudi. Mama yake na Levis walimpokea Nairobi, wakamleta kimya kimya hadi Kiamunyi, na sisi majirani tukapika chapati tukajaribu kuchangamka. Hakula. Kesho yake alikuja dukani na tracksuit ya timu imekunjwa vizuri, akaiweka mezani.

"Anti, nitolee hii bendera," akasema. "Sitaki kuogelea tena. Nilitoka kwa maji nikijua nimeshinda. Nikawasha simu nikapata mimi ni mwongo."

Nilitamani kumkemea na kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Miaka yote ile ya midomo ya zambarau, na wanaume waliokaa kitako wakila mbuzi ndio waliomwambia yeye ni nani. Nikamwambia aiache, nitaitoa nikipata wembe.

Lakini Kogo alikuwa amemtaka. Alituma neno kwamba mjukuu aje siku ile ile ya sherehe ya Kemboi, bila kukosa, na nyanya akiita hukatai. Kwa hivyo tulikwenda Kuresoi, Chepchumba, mama yake na mimi, tukaketi nyuma kabisa kwenye viti vya wasiojulikana. Kemboi alikuwa mbele amevishwa yale majani yao ya ushindi, sinendet, shingoni, kijana mpole, hana kosa. Mama yake alikuwa kando na kibuyu chake kidogo. Kina mama waliimba wakiwa wamevaa nguo zangu. Kiprugut alikuwa na maikrofoni na lile koti.

Akamwita mama yake atoke na kibuyu. Kogo akatoka nyumbani polepole, kibuyu cha shanga kimelala mkononi mwake, na wapiga picha wakajipanga. Akafika kwa Kemboi. Akamshika kichwa, akambariki vizuri, akampita.

Kiprugut akasema kwenye maikrofoni, "Mama, mshindi yuko huku."

Kogo hakugeuka. Aliendelea kuja, akipita katikati ya viti, watu wakivuta miguu kumpisha, hadi akasimama mbele yetu. Yeye haongei Kiswahili, kwa hivyo yaliyofuata mama Chepchumba alinitafsiria sikioni, na sauti yake ilikuwa ikikatika. Kogo alimuuliza mjukuu wake jambo moja tu.

"Wale mlioingia nao kwa maji, kuna aliyefika kabla yako?"

"Hapana, Kogo," Chepchumba akasema. "Hakuna."

"Na mdomo wako ulisema nini?"

"Ulisema hivyo hivyo."

Kiprugut alikuwa ameshafika, amekuja mbio, maikrofoni bado mkononi na haijazimwa. Akamwambia mama yake kwamba asimwaibishe mbele ya watu, kwamba maziwa ni ya mtu aliyerudi na kitu. Kogo akamtazama mwanawe. Hakuinua sauti, lakini spika za hema zilimsaidia.

"Wewe ulirudi na nini?"

Kiprugut akapapasa kitufe cha maikrofoni, asikipate.

"Ulirudi na bandeji," Kogo akasema. "Ulianguka huko, hukumaliza hata mzunguko. Uliogopa kuingia kwa boma, ukajificha ndani ya mahindi mpaka jua likashuka. Nani alikufuata huko na kibuyu hiki?"

Kiprugut alitazama chini. Alitazama ile bendera ya kifuani, sijui alikuwa akitafuta nini pale. Na jibu lake, lililotoka kwa spika likasikika hadi barabarani, lilikuwa dogo kabisa.

"Ni wewe, mama."

"Nilikuuliza kuhusu medali?"

"Hapana."

Kogo akafungua kibuyu. Akamwekea Chepchumba mdomoni, akakiinua yeye mwenyewe kwa mikono yake miwili, na mtoto akanywa, maziwa yakimtiririka kidevuni na chembe za mkaa zikibaki kwenye mdomo wa juu. Alikunywa akilia. Mama yake Kemboi ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, si mimi. Kisha akampa mwanawe kibuyu chake, na sherehe ikaendelea, maana wote wawili walikuwa wametoka mbali.

Watu husema Kiprugut amebadilika. Kwamba siku hizi halivai lile koti, na alimpelekea Levis gunia la viazi. Viazi! Mimi nimewaambia, kwa Chepchumba hajasema samahani kwa mdomo wake, na mdomo huo ndio uliosema mwongo kwa redio bonde lote likasikia. Akarudi hapo hapo kwa redio aseme. Mpaka hapo atasimama.

Kesho yake baada ya sherehe, nilikuwa nikifungua duka, bado kuna umande kwenye mabati. Chepchumba alipita akiwa na taulo begani. Akasimama mlangoni, akatazama tracksuit yake pale juu ya meza nilipoiacha, bendera mahali pake.

"Anti, ule wembe ulipatikana?"

Nikamwambia bado.

"Basi usiutafute," akasema, akaivaa pale pale akaenda.